Aliyeichoma Nyumba Yetu kwa Mwanga

Kama hujawahi kupigania maji na mtu anayeosha mlima, usiniambie habari za majirani wabaya. Mimi nimepigana naye tangu nikiwa na sare ya shule mpaka sasa nina mtoto mgongoni. Ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa Kiamunyi ina mfereji mmoja uani, na maji huja siku yakijisikia. Siku hiyo kila mwanamke anatoka na mitungi, nepi na sufuria za jana, na kila mara tunakuta mpira wa kijani umeshafungwa kwenye mfereji, umekata uani kama nyoka, umeingia chini ya mlango wa chumba cha mwisho. Ukikaribia unasikia maji yakimwagika taratibu huko ndani, juu ya karatasi moja yenye picha ya mlima.

"Mzee, si ufunge hiyo maji! Watoto hawajaoga!"

"Ngoja kidogo, Mama Liam. Bado ana dawa mwilini."

Na si Liam wangu aliyekuwa anamsema. Alikuwa anausema mlima.

Tunamwita Mwosha Picha. Huku kwetu picha za filamu zinaoshwa. Ulikuwa unapeleka filamu studio mjini, unaambiwa rudi Ijumaa, zinaoshwa. Studio zilikufa simu zilipoingia. Yeye hakufa nazo. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sitaandika. Pande zetu hizi maswali hayo yameshatuletea ya kutosha.

Ninaloandika ni hili: yule mzee alikuwa na kipande cha filamu chenye nyumba yetu ya Keringet, nyumba ambayo haipo tena, na mamangu alikuwa anapofuka. Nilitaka picha moja tu kabla macho hayajafunga. Mengine yote nitakayosema juu yake, mazuri na mabaya, yanazunguka hapo.

Hakupiga picha za harusi wala za pasipoti. Ukimwomba akupige wewe na mtoto wako anakuangalia kama umemwomba figo. Alipiga nchi tu: Menengai asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala ndani ya shimo, Mau mvua ikishuka upande mmoja, nyanda za Ndabibi zikiwa na kivuli cha wingu moja. Nyeusi na nyeupe. Rangi alizichukia. "Rangi ni kelele ya soko," alisema. "Unanunua ukiwa umeshachanganyikiwa." Picha moja ilimchukua wiki nzima, na ikikauka ni kubwa kama meza, inapelekwa Nairobi kwa watu wenye kuta ndefu, au kwenye hoteli za Naivasha, watalii waitazame wakingoja chai.

Mimi nilifika kidato cha nne na kwa miaka mingi sikuona maana yake. Mlima uko pale. Toka nje uutazame, bure, bila kumaliza maji ya watu.

Dirisha la chumba chake lilizibwa kwa blanketi na matope. Ndani kulikuwa na globu nyekundu na harufu ya siki. Nilipokuwa na mimba harufu ile ilinitapisha, na baada ya Liam kuzaliwa ikanitia hofu. Akikohoa, nafikiri ni zile dawa. Akitambaa kuelekea ule mlango, nakimbia na povu mikononi. Nilimwambia mzee, mtoto wangu akionja hizo dawa zako nitakuosha wewe. Kesho yake mlango ulikuwa na komeo jipya, juu kabisa, mahali ambapo hata mimi nafika kwa ncha za vidole, na dawa zilizotumika zikaanza kutolewa ndani ya mtungi uliochorwa fuvu la mtu. Aliuchora mwenyewe. Fuvu lilikuwa na vivuli na kila kitu, limechorwa vizuri mno hata wanawake wakawa wanakuja kulitazama.

Hiyo ndiyo ilikuwa taabu yake. Huwezi kumchukia ukamaliza. Liam alizaliwa mtoto wa kulia, babake akaona hayo ni makelele, akaenda. Kitu kimoja tu kilimnyamazisha mtoto: sauti ya yale maji. Nilikuwa nakaa chini, mgongo wangu kwenye ukuta wa Mwosha Picha, mtoto kifuani, nayalaani maji na kuyaombea yasikatike.

Nimeingia mle ndani, kwa hiyo najua kazi yenyewe. Anaweka filamu kwenye mashine ya kukuzia, mwanga unapita na kuangukia karatasi. Karatasi inabaki nyeupe vilevile, unafikiri umedanganywa. Anaitia kwenye karai la dawa, anatikisa polepole, na mlima unaanza kuja kama doa la chai. Lakini kwanza anakata vipande vidogo na kuvijaribu. Anaita kuonja. "Bado haina chumvi," anasema, anatupa. Anaonja tena. "Sasa chumvi imezidi." Nimemwona akitupa picha ambayo mimi ningeitundika kanisani, eti weusi wa pembeni haujaiva.

"Mwanga ni mgeni," alipenda kusema. "Akikaa kidogo analeta habari. Akikaa sana anaharibu nyumba."

Mikono yake ilitetemeka. Akinywa chai uani, kikombe kinagonga meno na majirani wanaangalia pembeni. Akiingia gizani inatulia. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Huko hakuna wa kuitazama."

Kisa cha Ndabibi alikisimulia mara nyingi, na kila mara watu waliomzunguka waliongezeka. Kamera yake kubwa inakaa juu ya miguu mitatu, na yeye anajifunika shuka nyeusi kichwani ili aone kwenye kioo cha nyuma. Sasa fikiria wewe ni mtu wa shamba. Unaona mzee usiyemjua kwenye mpaka wako, miguu mitatu imesimama, anachungulia, anasogea, anachungulia tena. Huku kwetu mtu wa miguu mitatu ni mpima mashamba. Na mpima mashamba akija bila kuitwa, jua kuna watu watalala nje.

Wakamzunguka na fimbo. "Nani amekutuma kupima hapa?"

"Sipimi. Nangoja wingu."

Hapo ndipo walipokasirika kabisa. Mwizi wa shamba angalau anajua kudanganya! Mwishowe mama mmoja mzee akasema aachwe, yeye mwenyewe ataangalia. Akaingiza kichwa chini ya shuka. Kwenye kioo cha kamera ile kila kitu hutokea juu chini, miti inaning'inia, mbingu ziko miguuni. Yule mama alitoka mbio akishika kitambaa chake cha kichwa. "Wameshapindua! Wamepindua shamba lote!"

Mwosha Picha alicheka hapo mpaka machozi. Mimi sikucheka.

"Mzee, hao watu walikuwa na sababu ya kuogopa."

Akafuta macho. "Najua. Lakini wingu lilikuja, Mama Liam. Wakati wananisukumasukuma, likaja, likapita. Hiyo picha sikuipata."

Unaona mtu? Alikaribia kuuawa, na kilichomuuma ni wingu.

Sasa mama. Kliniki walisema ni presha ya macho. Walisema nuru iliyopotea hairudi, matone ni ya kulinda iliyobaki. Mama anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, tundu lenyewe lina moshi, na linazidi kufinyika. Nilikuwa nampima kwa siri. Nasogeza kopo la chumvi. Namuuliza Liam leo amevaa sweta gani. "Ile ya jana," anajibu, anacheka, na mimi natoka nje nikilia kwa hasira, kwa sababu jana hakuvaa sweta. Mama alikuwa mwongo hodari. Akikutana na mtu uani anawahi kumsalimia, ili amjue kwa sauti.

Tulipotoka Keringet mwaka wa fujo za uchaguzi nilikuwa darasa la kwanza. Tulitoka na blanketi moja na mimi ndani yake. Nyumba ilichomwa nyuma yetu, na picha zote zilikuwa humo. Mama hakuwa mtu wa kuisema sana. Lakini macho yalipoanza kwenda, alianza kuiulizia. Anaacha kumenya viazi, anasema, "Sioni tena mbele ilikaaje." Anasema, "Kulikuwa na ngazi mlangoni, au ngazi ni za kanisa?" Daktari hakusema kwamba macho yakienda yanakwenda na vitu yaliyowahi kuona. Mama ndiye aliyeamini hivyo, na siku baada ya siku nikaanza kuamini na mimi. Nilikuwa naamka nikiogopa kuuliza leo amepoteza nini, mlango au dirisha.

Siku nilipomsikia mzee akiitaja nyumba ilikuwa Jumamosi, naanika nepi. Mteja amekuja, mwanamume wa Nairobi mwenye viatu visivyojua vumbi. Wamesimama mlangoni na picha ya bonde la Keringet, vilima vimepangana kimoja nyuma ya kingine mpaka mwisho wa macho. Mteja alikuwa anausifu utupu wa bonde.

"Hakuna hata mtu mmoja," akasema. "Hata alama ya mtu."

"Kulikuwa na nyumba," akasema Mwosha Picha, na mimi naijua sauti yake ya kujisifu. "Hapa chini, kwenye mteremko. Ilikuwa inaharibu mlima. Nikaichoma."

Beseni liliniponyoka.

Mtu wa sehemu nyingine akisikia neno hilo anafikiria nyama. Sisi tuliotoka kule juu hatuwezi. Nilikuwa na Liam mgongoni, na mti wa kuegemeza kamba ya nguo ulikuwa mkononi mwangu, sijui niliuchomoa saa ngapi.

"Nyumba gani? Nyumba gani ulichoma Keringet? Sema hapa mbele ya watu!"

"Mama Liam, tulia kwanza..."

"Usiniambie nitulie! Ulichoma na nani?"

"Peke yangu," akasema yule mzee mjinga, kwa sababu ameulizwa, na yeye ni mtu wa kujibu alichoulizwa. "Mimi huchoma peke yangu. Sitaki mtu chumbani."

Milango yote ya ploti ikafunguka. Yule wa Nairobi akarudi nyuma mpaka akakanyaga nepi zangu. Mama akatoka akipapasa ukuta. "Nani amechoma?" anauliza. "Ni nani? Mtoto yuko wapi?" Sauti hiyo sikuwa nimeisikia tangu tulipotoka kwetu. Sauti hiyo ndiyo iliyoinua ule mti, si mkono wangu.

Sikumpiga. Alinyanyua picha kujikinga, akagundua amejikinga kwa picha, akaishusha haraka, akaleta kichwa mbele badala yake. Kichwa chenyewe cha mzee, kina mvi, kimeinama kinangoja.

"Kwa taa," akasema akiangalia chini. "Nilichoma kwa taa, Mama Liam. Ni maneno ya kazi tu."

Jirani mmoja akaanza kucheka. Mimi nikaushusha mti.

Aliniingiza ndani na kunieleza. Mahali mwanga unapoachwa ukae zaidi kwenye karatasi, hapo panakuwa peusi. Hiyo wanaita kuchoma. Ukiuzuia kwa kiganja, au kwa kijiti chenye karatasi ya duara, hapo panabaki peupe. Hiyo ni kukinga, kama unavyokinga mtu jua. Nyumba aliyosema aliiachia mwanga mpaka ikazama kwenye weusi wa mteremko. Ndiyo hiyo tu. Kisha akatoa filamu yenyewe, akaiweka kwenye kioo chenye taa chini yake, akanipa lenzi ya kukuzia.

Kwenye filamu kila kitu ni kinyume. Mbingu nyeusi, mti mweupe. Paa la mabati lililokuwa linang'aa kwa jua lilikuwa jeusi, kama limeshaungua. Lakini lilikuwa jeusi nusu. Nusu ya pili ilikuwa kijivu. Mama aliezeka upande mmoja alipopata zamu yake ya pesa za chama, na upande wa pili ukabaki na mabati ya kutu, yakingoja zamu nyingine. Ile zamu haikufika. Pembeni kulikuwa na tangi la maji lililolalia upande kama mlevi, na mti wa saipresi uliokatwa kichwa.

"Hii ni kwetu," nikamwambia.

Akachungulia lenzi yeye mwenyewe. "Ilikuwa asubuhi," akasema. "Hayo mabati yalinisumbua sana."

Basi. Hilo ndilo alilolipata la kusema.

Nilidhani ataiosha picha ile wiki hiyohiyo. Akakataa.

"Hiyo picha imekamilika," akasema. "Iko kwa watu, imetundikwa. Nikitoa nyingine yenye nyumba, nimewaambia ya kwanza ni uongo."

"Kwani si uongo?"

"Ni picha."

"Mzee, mamangu anapofuka."

"Na karatasi yangu inaisha. Waliokuwa wanaitengeneza wameacha. Hizi zilizobaki nimeshazigawa, kila moja na mlima wake."

"Kwa hivyo mlima ni mkubwa kuliko mamangu?"

Akafikiria. Nakuapia, alifikiria kweli, kama swali la mtihani. "Mlima hauwezi kuja kuniomba," akasema.

Mtanisema, si upige kwa simu? Nilipiga. Nilivizia filamu iko kwenye kioo, nikapiga, simu ikageuza weusi kuwa weupe. Nyumba ilitoka kama uchafu wa nzi. Nikampelekea mama. Akaangalia skrini muda mrefu, akatabasamu, akasema, "Ni nzuri sana." Alikuwa ameishika juu chini.

Nilimfanyia vita. Niliufungua mpira wake kwenye mfereji na kuweka mtungi wangu, hata kama sikuwa na haja ya maji. Nilimtangaza kanisani, kwenye kioski, kwa fundi viatu. Nilimwita mchomaji, kwa sauti, akipita, na watu wakageuka. Yeye hakulegea.

Halafu anafanya kitu kama hiki. Maji ya mfereji wetu ni ya kisima na yana madini, yakikaukia kwenye picha yanaacha madoa, kwa hiyo suuza ya mwisho alifanya kwa maji ya mvua. Aliyakinga kwenye pipa chini ya bati lake, pipa lina kufuli, na mtoto aliyewahi kuchota kikombe alikimbizwa mpaka barabarani. Siku moja ananiona nikimnawisha mama uso kabla ya matone. Akaja, akaweka ufunguo wa pipa kwenye kiti.

"Macho hayaoshwi na maji ya kisima," akasema.

"Na picha?"

"Nimesema macho."

Akaenda. Tulikaa na ufunguo wake mwaka mzima, wakati picha ananinyima. Mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Mara ya mwisho ninayotaka kuisema ni juzi tu, mvua ndefu zilipokatika. Mzee alikuwa ameanza kupungua mwili. Koti lilimning'inia, na mpira wa kijani ulikuwa haujatokea mlangoni kwa majuma. Nilikuwa nimeona, lakini sikutaka kuuliza, nisije nikaambiwa filamu imeuzwa, au amekwenda, au mambo yote mawili. Mchana mmoja akasimama mlangoni kwetu ameshika fremu ya mlango.

"Mama Liam, mlete mama yako uani."

"Mama haletwi kama mbuzi, mzee. Anaombwa."

"Basi mwombe."

Mama akatoka, akakaa kwenye kibao. Mzee akakaa mbele yake. Alikuwa na ile shuka nyeusi ya kamera na vikorokoro vingine mapajani. Akainua kikombe cha bluu.

"Hiki unakiona, mama?"

"Hapana."

Akainua karatasi nyeupe mbele ya ukuta wetu uliopakwa chokaa. "Na hii?"

"Hakuna kitu."

Akatandaza shuka nyeusi nyuma ya karatasi ileile.

"Ah," mama akasema. "Hiyo hapo."

"Na mimi?"

"Wewe ni kivuli kinachonuka siki."

Ploti nzima ikaangua kicheko. Mimi nilikuwa nawaka. Nimeficha macho ya mama miaka hii yote, na huyu anayafanyia maonyesho mbele ya watu!

"Mzee, inatosha! Mamangu si sinema."

Akasimama, polepole, kwa vipande. "Njoo unishikie," akaniambia. "Mikono imekataa, hata gizani."

Nilimpa mama mtoto, nikamfuata. Ndani, chini ya globu nyekundu, filamu yetu ilikuwa tayari kwenye mashine. Akatoa karatasi kutoka kwenye boksi, na nikasikia boksi lilivyolia, sauti ya kitu kilicho karibu kuwa kitupu.

"Ni ya mwisho?"

"Usiniulize karatasi. Shika hii." Ni kile kijiti chenye karatasi ya duara, ndogo kama kifungo. "Nikiwasha, nyumba itaangukia hapa. Uikinge. Usiache kijiti kikae kama nzi aliyekufa, kitikisetikise kidogo, ukingo usionekane."

Akawasha. Vilima vya Keringet vikashuka juu ya karatasi, kinyume, na katikati ya mteremko nikaiona, ndogo, nyumba yetu. Nikaifunika na kile kivuli. Sijawahi kushika kitu chepesi hivyo kwa hofu kubwa hivyo. Yeye alikuwa anapitisha viganja vyake juu ya milima, vinatetemeka, anachoma, anachoma.

"Mzee, si imetosha?"

"Kinga."

"Itatoka nyeupe!"

"Nimesema kinga, Mama Liam."

Mkono uliniuma mpaka bega. Akazima, akaitia karatasi kwenye dawa. Vilima vikaja, vyeusi kuliko picha yoyote niliyowahi kuona kwake, vyeusi kama sufuria ya sherehe. Na pale kwenye mteremko hakuna mistari ya mabati. Hakuna upande mpya na upande wa kutu. Kuna pande la weupe mtupu wa karatasi.

Nikamgeukia mzee. "Umeiharibu. Umeiharibu makusudi! Umeichoma, sasa umeitoboa! Hii ni nini? Ni tundu!"

"Ni tundu," akakubali. "Ni picha mbaya sana."

Akaisuuza kidogo tu, ile suuza ya mtu mwenye haraka, yeye ambaye hajawahi kuwa na haraka na maji. Akaibandika kwenye ubao, akapiga mlango teke, akatoka nayo juani, inachuruzika. Akapiga goti mbele ya mama, akaishika wima.

"Mama," akasema. "Tazama."

Mama aligeuza kichwa upande, kisha upande, kama kuku anayepima punje. Mimi nilisimama nyuma yake na roho mkononi. Nilikuwa najiambia, akisema ni nzuri sana, nimekwisha. Akisema tu ni nzuri.

Alinyoosha kidole, na kidole kilikwenda moja kwa moja, hakikupapasa, kikatua juu ya pande jeupe.

"Nyumba hii hapa."

Hasira yangu ikakosa mahali pa kukaa. Nilimwangalia mzee, lakini yeye alikuwa anaangalia kidole.

Kidole kilianza kutembea. Kilishuka kutoka kwenye paa mpaka ndani ya weusi, mahali mimi mwenye macho sikuona kitu chochote. "Hapa ni jiko. Hapa mahali pa ndama. Ngazi hazikuwepo, ngazi ni za kanisa. Hapa kuna ile njia ya kushuka mtoni." Alikuwa anazungumza upesi, kama mtu anayepakia vitu kabla gari halijaondoka. Kisha akasimamisha kidole.

"Wewe ulikuwa wapi ukipiga hii?"

"Juu, barabarani. Pale kwenye kona."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Jua lilikuwa limepiga mabati."

"Basi nilikuwa ndani," mama akasema. "Jua likipiga bati nakuwa napika uji." Akainua uso. "Ulisimama hapo juu ukiangalia kwangu, na hukubisha hodi?"

Mimi nilimchukua Liam nikambana mpaka akalalamika. Niliogopa mzee atasema lake, la mabati yanayosumbua, la wingu, la mlima. Nilijua akilisema leo sitamsamehe mpaka mmoja wetu azikwe. Ubao ulikuwa unatetemeka mikononi mwake na maji yanamdondokea magotini.

"Hodi," akasema.

Mama alikuwa ameinamisha uso karibu kabisa na picha, anatafuta.

"Karibu," akasema. "Lakini pitia upande wa jiko. Huko mbele kuna matope."